Lori hugoma alfajiri, nyinyi mkalipima saa nane mchana

Kabale, 21 Julai 2025

Kwa Meneja wa Huduma,
Karakana ya Malori,
Kampala.

YAH: MALIPO YA NOZO (VINYUNYIZIO VYA DIZELI) NA PENDEKEZO LA KUFUNGUA PAMPU, LORI LA ISUZU

Bwana Meneja, salamu.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichozungumza na msimamizi wenu wa mapokezi tangu siku ya kwanza, na sitaki baadaye isemwe kwamba hatukuelewana.

Lori langu ni Isuzu la miaka ya tisini, silinda nne, pampu ya dizeli ya kizamani isiyo na kompyuta, betri mbili zinazotoa volti 24. Hubeba viazi mviringo kutoka huku Kigezi hadi soko la Kalerwe, Kampala. Katikati ya Mei lilianza tabia mpya: likilala usiku, alfajiri unapiga stata mpaka betri zinachoka na haliwaki. Likishawaka, siku nzima halina neno. Lizime Mbarara, kunywa chai, ukirudi linaitika kabla hujamaliza kuzungusha ufunguo.

Tarehe 9 Juni nililileta kwenu. Nilimweleza msimamizi mambo matatu, na nayarudia hapa kwa sababu kwenye kadi yenu ya kazi yamegeuka maneno mawili, "Kuwaka shida". Kwanza, tatizo ni la asubuhi tu. Pili, stata inazungusha injini kwa nguvu, haisuisui. Nilikuwa nimepima betri mwenyewe, zikasoma volti 25 zikiwa zimetulia na hazikushuka chini ya 20 stata ikizunguka. Tatu, na hili nililisema mara mbili, stata inapozunguka bomba la moshi ni kavu. Halitoi hata uzi wa moshi.

Sina haja ya kuwafundisha kazi yenu, lakini nalazimika kuandika lile ambalo fundi wenu hakulifanyia kazi. Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta huwashwa na joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Mafuta yakiingia na joto likapungua, iwe hita, zile plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, zimekufa, ringi zimechoka au nozo inatema matone badala ya kunyunyiza, bomba hutoa moshi mweupe unaowasha macho. Bomba likiwa kavu, mafuta hayafiki. Hapo ndipo pa kuanzia, na hakuna aliyeanzia hapo.

Mkabadilisha hita nne. Hilo sililalamikii. Mbili zilikuwa zimekufa kweli. Nilikuwa nimezijaribu kwa taa na waya kabla sijaja, taa ikawaka kwa mbili na ikagoma kwa mbili. Kwa baridi ya Kabale, mita kama 2,000 juu ya bahari ambako hewa yenyewe ni nyepesi, mtu hawezi kuendesha lori la hita mbili. Nililipa na nikashukuru.

Linaloniuma ni jinsi mlivyolipima baada ya hapo. Lilitoka kuzungushwa mjini, saa nane mchana, jua limewaka, injini moto. Fundi akageuza ufunguo, likawaka, akaniambia, "Mzee, liko fiti." Wakati huo ungeliwasha hata kwa kulitazama! Na lori lilikuwa limelala kwenu usiku mbili. Asubuhi zote mbili askari wa lango ndiye aliyeliwasha ili kupisha magari mengine, na ameniambia kwa kinywa chake kwamba alipiga stata mara tano, akapumzika, akapiga tena. Hakuna fundi aliyemuuliza chochote.

Tarehe 12 Juni, alfajiri, Kabale: kavu. Nikavutwa kwa kamba na lori la jirani.

Nikarudi kwenu tarehe 19. Sasa mkasema ni nozo. Mkazifungua zote nne na kunitoza shilingi 640,000. Niliomba karatasi inayoonyesha kila nozo ilifunguka kwa shinikizo gani kabla ya kazi na baada yake. Sijapewa hadi leo. Nozo zangu za zamani pia sijaziona, ingawa risiti inasema ncha zimebadilishwa. Alfajiri iliyofuata nyumbani: kavu.

Nilipopiga simu, fundi akanishauri nipulizie dawa ya kopo ya kuwashia injini kwenye mdomo wa filta ya hewa. Bwana Meneja, huyo huyo ndiye aliyefunga hita mpya. Ukipulizia ile dawa wakati hita zimeiva, inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja ringi, hata pistoni. Kopo nilinalo, mliniuzia wenyewe kwa 35,000 siku ya nozo na sijalifungua. Baada ya hapo likaja pendekezo la kufungua pampu ya dizeli, shilingi 2,600,000, nusu mbele.

Aliyeniokoa ni utingo wangu, kijana ambaye hajasomea ufundi popote. Ua wangu uko kwenye mteremko, kama nyua zote za huku. Asubuhi moja, mimi nikihesabu noti za kupeleka kwenu, akasema: "Bosi, likilala likitazama barabara linawaka. Likilala likitazama migomba haliwaki." Barabara iko chini, migomba iko juu. Nikamwambia aache mzaha. Tukalijaribu usiku nne, tukibadilisha. Pua chini, likawaka. Pua juu, kavu. Pua chini, likawaka. Pua juu, kavu.

Tangi liko nyuma ya kabini. Pua ikiwa juu, injini inakaa juu ya tangi, na kama kuna tundu lolote la kuingiza hewa, dizeli hurudi tangini usiku kucha. Asubuhi hiyo ya nne, lilipogoma, niliacha stata. Nilishika pampu ya mkono, ile ya kuvutia dizeli kutoka tangini: laini kama ya baiskeli isiyo na tairi. Nilisukuma mara thelathini na kitu ndipo ikaanza kukaza kidole. Nikapiga stata, injini ikawaka papo hapo, kwa nozo zile zile na pampu ile ile ya milioni mbili na laki sita.

Tukafunga kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kabla ya pampu ndogo ya kuvuta mafuta. Mapovu yalipita humo kama soda. Tukafuata bomba kuelekea tangini tukipapasa kila klipu. Kwenye klipu ya mwisho palikuwa na doa la vumbi jekundu lililogandana na mafuta, ukubwa wa sarafu ya mia tano. Tulipolegeza klipu, mpira ulikuwa umepasuka chini yake, ufa mfupi kuliko ukucha. Upande huo wa bomba unavuta, hausukumi, ndiyo maana haukudondosha dizeli mtu akaiona. Ulikuwa unanyonya hewa. Mpira mpya na klipu mbili: shilingi 18,000. Hiyo ilikuwa tarehe 8 Julai. Tangu siku hiyo nimelilaza pua juu kwa makusudi kila linapolala nyumbani, na halijagoma hata mara moja.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnirudishie shilingi 640,000 za nozo, au mnionyeshe karatasi ya vipimo na ncha za zamani. Zikionyesha kweli zilikuwa mbovu, nitanyamaza na hela mtabaki nayo. Mlichukue kopo la dawa na kunirudishia 35,000. Na pendekezo la pampu mlifute kwa maandishi, maana nimesikia kwa dereva mwingine kwamba lori langu linatajwa pale kama "lile la pampu mbovu", na mimi siku moja nitataka kuliuza.

Hasara ya viazi vilivyofika Kalerwe mchana wanunuzi wakiwa wameshaondoka siwadai. Hiyo nimeimeza. Ila nitasubiri jibu lenu siku 14 kabla sijalipeleka jambo hili mbele.

Nimeambatisha nakala za risiti mbili na kadi ya kazi. Ndani ya bahasha pia kuna kile kipande cha mpira. Kikunjeni kidogo muuone ufa. Mkimaliza kukitazama mkirudishe, utingo amekiomba.

Wenu,
Mwenye lori, Kabale