Shangazi, usinunue jagi jipya kwanza

Shangazi, shikamoo.

Ujumbe wako nimeupata: jagi la umeme la kibandani linachemsha kwa kujivuta kila ikifika jioni, plagi inaunguza mkono, na fundi kasema jagi limechoka. Huenda jagi halina kosa lolote. Lichomoe, uligeuze, usome lebo ya chini.

Majagi mengi ya saizi yako huandikwa 220–240V, 1850–2200W. Watu huona namba mbili za wati wakadhani mtengenezaji hana uhakika na chombo chake. Anao. Kinachokaa pale pale ni ukinzani wa koili, yaani jinsi waya wa ndani unaopasha maji unavyouzuia umeme (hupimwa kwa omu), na wati zinafuata volti zinazoingia. Zidisha volti kwa zenyewe, ugawe kwa wati: 240 × 240 ÷ 2200 ni omu 26.2. Fanya hivyo hivyo kwa 220 na 1850, utapata 26.2 ile ile.

Ukishakuwa na omu, mengine ni kugawanya na kuzidisha tu. Ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, ni volti kugawa kwa omu. Wati ni volti mara ampea. Kwenye volti 230 jagi linavuta ampea 8.8 na kutoa wati 2,020 hivi. Jioni mtaa mzima ukiwasha vyombo na volti zikashuka hadi 180, ampea zinakuwa 6.9 na wati zinabaki 1,240 hivi. Volti zimepungua kwa asilimia 22 hivi, lakini wati zimepungua kwa karibu asilimia 40, kwa sababu ampea nazo zimeshuka. Lita moja na nusu iliyokuwa ikichemka kwa dakika 4 sasa inataka zaidi ya 6. Na usidhani umeokoa uniti za LUKU: maji yanahitaji joto lile lile, na kadiri yanavyokawia ndivyo jagi linavyopoteza joto zaidi hewani.

Kuhakikisha koili ni nzima, azima multimita. Jagi liwe limechomolewa, limekaa kwenye kitako chake, swichi yake imebonyezwa. Weka mita kwenye omu 200, gusanisha ncha zake mbili uone inasoma ngapi (mara nyingi 0.3 au zaidi kidogo, hiyo utaitoa), kisha gusa miguu miwili midogo ya plagi. Ikisoma kama 26, mwambie fundi jagi halijachoka. Ikibaki 1 pembeni kushoto, njia imekatika: koili, swichi au kikata joto (kinachozima jagi likipata moto kupita kiasi). Halafu panda kwenye omu 2000k na upime kati ya mguu mrefu wa ethi na kila mguu mdogo. Hapo hapatakiwi kusoma kitu. Pakisoma, jagi litakupiga shoti, usilitumie.

Usipime omu kwenye kitu chenye umeme, utaua mita. Na usijaribu kupima ampea kwa kuchomeka ncha zake kwenye soketi: ukiwa kwenye tundu la 10A, mita inakuwa kama waya mtupu na itakulipukia. Zile ndogo za njano hata hazipimi ampea za umeme wa nyumbani. Piga hesabu, inatosha.

Sasa plagi, na hapa ndipo penye hatari. Kwenye ekstensheni ya jagi umechomeka pia jiko la umeme la wati 1,500, yaani ampea 6.5. Ukijumlisha na jagi unapata 15.3, na ekstensheni ni ya 13. Fyuzi ya 13 haikatiki kwa ziada ndogo kama hiyo. Inaweza kuvumilia saa nzima na zaidi huku vitu vinaungua. Joto la kiungo, pale waya unapofungwa kwenye plagi au soketi, ni ampea mara ampea mara omu. Skrubu iliyolegea yenye omu 0.3 tu, jagi likiwa peke yake, inatoa wati 23. Ongeza jiko, zinakuwa 70, zote kwenye kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha. Plastiki lazima iyeyuke.

Kujua hasara iko wapi, mwite fundi apime volti (mita kwenye V~ 600 au 750, vidole nyuma ya kingo za ncha). Apime mwisho wa ekstensheni kabla ya kuwasha na jagi likiwa linachemsha. Tuseme 224 imeshuka hadi 211. Jagi linavuta 211 ÷ 26.2, yaani ampea 8, na volti 13 zimepotea njiani: wati 104 zinapasha waya badala ya maji. Kisha apime kwenye soketi ya ukutani, jagi bado linachemsha. Akikuta 221, volti 10 zinapotelea ndani ya ekstensheni yenyewe. Mita 5 za waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, zina omu 0.12 tu, zingepoteza volti moja. Basi ama viungo vimelegea, ama waya ni wa bandia. Uchomoe, ukwangue kwa kisu: ukionekana mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na sokoni umejaa.

Plagi ikishaungua, ibadilishwe pamoja na soketi yake. Shaba iliyopata moto haibani tena, na plagi mpya itaungua vile vile. Jiko lipate soketi yake, waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye bodi, na breka yake ya ampea 20.

Friji usilipigie hesabu hii ya omu, lina mota. Volti zikishuka, mota inaweza kuvuta ampea nyingi zaidi badala ya kupunguza, na ikishindwa kuanza hubaki inanguruma hadi iungue. Jioni umeme ukiwa mdogo, zima friji kabla ya kufikiria jagi.