Cherehani za bibi, Jumamosi saa nne
Wanakikundi habari zenu. Jumamosi njooni na cherehani mlizorithi hata kama zimekamata kabisa, Singer ya chuma ikigoma mara nyingi ni mafuta ya zamani tu yameganda ndani, tunadondoshea mafuta ya taa, tunaiacha ilale, alafu tunazungusha gurudumu taratibu bila kulilazimisha. Mafuta ya kupikia msiweke jamani, yanageuka gundi! Na yale maua ya dhahabu yaliyo kwenye mwili wa cherehani msiyasugue na spiriti, yakitoka ndo basi tena. Angalieni namba pale kwenye kitako, ikianza na herufi mbili na ya kwanza ni E basi imetoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa 1980. Mwenye ile Singer yenye beji ya 1851-1951 (ya miaka mia ya kampuni) naomba sana aje nayo. Asiye na bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) aseme leo nimtafutie.