Majirani, watoto wetu tayari wanacheza, ila korongoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua niwajibu majirani zangu wa huku Goba wanaolalamikia kituo cha michezo ya watoto ninachotaka kufungua, maana kwenye mkutano wa mtaa Jumapili iliyopita niliongea dakika tano nikakatishwa, na kwenye grupu la WhatsApp ndo usiseme, unaandika sentensi moja yanakuja majibu arobaini na voisi za dakika nne nne, hujui ujibu lipi uache lipi. Gazeti hili wengi mtaani wanalisoma pale kwa kinyozi, kwa hiyo nimeona bora niandike huku.

Mi ndo yule mwalimu mstaafu mwenye eneo lenye miembe, ekari moja kasoro kidogo, linaloshuka mpaka karibu na korongo. Nimeomba kibali nifungue kituo cha michezo ya nje ya watoto. Bembea, ngazi za kamba, magogo ya kutembelea juu, kibustani cha mchicha, sehemu ya kuchezea udongo na maji, na uwanja wa rede na kombolela. Basi. Sijaomba ukumbi, sijaomba baa wala gesti, ila ukisikiliza baadhi yenu mnavyoongea utadhani naihamishia Stendi ya Magufuli hapa mtaani. Bango la kusudio la kubadilisha matumizi ya ardhi lipo pale getini, ndo lililoamsha yote haya, na ni sawa, bango kazi yake ndo hiyo.

Nianze na mbu maana hiyo hoja kwa kweli ilinishika. Kwenye ramani yangu ya kwanza nilikuwa na matairi kuukuu arobaini, ya kupanda, ya kuning'iniza, ya kuzungushia bustani, matairi si ndo rahisi kupatikana jamani, mafundi wanakugawia bure uwaondolee uchafu. Dada mmoja jirani yangu ambaye ni nesi akasimama akaniuliza, Mwalimu, umesahau dengue? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba watoto saa 12 jioni watakuwa washaondoka, mbu watamkuta nani. Kumbe mi nilikuwa nawaza mbu wa malaria. Yule wa dengue, Aedes, anauma mchana kweupe na anapenda kuzalia kwenye maji yaliyotuama kwenye tairi, kopo, hata kisahani cha chungu cha maua, na jiji hili limeshapigwa na dengue 2014 na tena 2019, mnakumbuka watu walivyokuwa wanalia viungo. Sikuwa na la kujibu. Kwa hiyo matairi yamebaki kumi na mbili, yatakayoning'inia kila moja linatobolewa matundu manne upande wa chini kwa drili maji yapite, yatakayofukiwa yanajazwa udongo mpaka juu na kupandwa maua. Na nimemuomba huyo huyo dada awe anapita kukagua wakati wa masika na vuli, akikuta maji yametuama popote anafunga geti siku hiyo, hata kama nina watoto hamsini ndani. Amekubali, ila kasema hataki soda, anataka hela ya nauli. Sawa.

Haya, kelele. Siwezi kuwadanganya kwamba watoto watacheza kimyakimya, mtoto anayecheza kimya mwalimu anaenda kumwangalia ana nini. Watapiga kelele. Ila zitakuwa kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni, hakuna usiku, na hakuna spika. Nimeandika kwenye maombi yangu kabisa: hakuna spika, hakuna sabufa, hakuna MC, hakuna kukodisha eneo kwa bethdei. Kijana wangu ananiambia mama umechanganyikiwa maana hela ipo kwenye bethdei, na ni kweli ipo huko, lakini najua bethdei ya mtoto wa miaka mitatu inavyoishia saa 5 usiku na bia. Mnakumbuka mwaka 2022 NEMC, wale wa baraza la mazingira, walivyofungia mabaa na kumbi za starehe hapa Dar kwa sababu ya kelele, watu wakashangilia, na mimi nilishangilia. Sasa kuniweka mimi na watoto wa darasa la pili kapu moja na wale naona mmenionea. Yule kaka anayefanya kazi zamu za usiku analala mchana, yeye ana haki ya kulalamika kweli, nyumba yake imepakana na mimi upande wa juu. Kwa ajili yake tumehamisha uwanja wa rede, umeenda chini kabisa, upande wake inabaki bustani ya mchicha. Mchicha haupigi kelele.

Na hizo kelele mnazoziogopa mbona zipo tayari? Jumamosi moja nilikaa barazani kwangu kuanzia saa 10 mpaka saa 12 jioni na kidaftari, ualimu hauishi, nikahesabu watoto 31. Kumi na nne walikuwa kule korongoni, wanachimba mchanga chini ya ukingo ambao mvua imeula kwa ndani, yaani juu majani, chini pango. Tisa kwenye lile pagale ambalo ngazi yake haina hata ukuta wa kushika. Waliobaki barabarani wanacheza mpira katikati ya bodaboda, na kila bodaboda ikija mmoja anapiga ukelele "pikiii!" wote wanaruka pembeni, imekuwa sehemu ya mchezo. Hao ni watoto wetu, sio wa kuja. Wa kwangu, mjukuu, alikuwa kwenye lile pango. Mi mwenyewe nilikuwa sijui.

Ndo maana nasema hatubishani kama watoto wacheze mtaani kwetu au wasicheze. Wanacheza. Tena sasa wapo wengi zaidi kuliko zamani, 2023 Serikali ilivyopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne wapo waliorudi nyumbani mtaa huu huu, na mi naona ni jambo jema mtoto wa miaka sita alale kwao, lakini akirudi saa 10 na basi la shule anaenda wapi? Nyumba zetu tumemwaga pevingi mpaka ukutani. Viwanja vya wazi tulivyovikuta wakati tunahamia vimeota fremu za maduka. Shirika la Afya Duniani wanasema mtoto kuanzia miaka 5 mpaka 17 anatakiwa ahangaishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, wengi wetu tunampa simu. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ukiisoma pale inapotaja wajibu wa mzazi, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, halafu haki ya kucheza na kupumzika, vyote kwenye orodha moja. Siku hiyo nilivyoisoma mkutanoni mzee mmoja akasema hayo ni mambo ya wazungu. Mzee wangu, shikamoo, lakini rede na mdako vililetwa na mzungu gani?

Maji ya mvua. Jirani wa chini ana wasiwasi ukuta wake utaenda, na anayeijua Goba na vilima vyake anamuelewa. Sitamwaga zege wala pevingi, ardhi inabaki na majani na miembe yote inabaki. Tunachimba mitaro miwili inayokata mteremko, na kando yake tunapanda vetiva, yale majani yenye mizizi inayoenda chini sana, yanashika udongo vizuri. Na niseme kitu hapa ambacho kwenye mkutano nilikimeza. Madalali wananifuata kila wiki, wanataka eneo lile nilikate viwanja sita. Nikikubali, hela naipata kesho, hamna bango la watoto, hamna mkutano. Ila zitakuja nyumba sita na mabati yake sita na pevingi zake na karo zake, maji yote hayo ya paa yatatafuta njia ya kwenda korongoni na njia ni moja, kwa huyo huyo jirani wa chini. Hilo mbona hakuna aliyelipigia kelele?

Magari ni tatizo na sikatai, barabara yetu ya vumbi magari mawili yanapishana mmoja akiingia kwenye mtaro. Geti nalihamishia upande wa juu karibu na lami, ndani kuna nafasi ya magari sita, mabasi ya shule hayashuki, yanashushia juu watoto wanatembea. Vumbi litapungua ila halitaisha, hilo nakiri.

Kulikuwa na mnara wa mbao wa kupanda, nilikuwa naupenda sana ule mnara, fundi ameuchora na kibendera juu. Mama mmoja akaniambia Mwalimu, mtu akisimama pale anaona uani kwangu mpaka kamba ya nguo za ndani. Nikaenda nikapanda ngazi ya fundi, kweli, naona uani, naona na nguo. Mnara umekufa. Sasa hivi hakuna kitu kinachozidi mita moja na nusu, na chini yake mchanga wa sentimita 30 ili anayeanguka aangukie laini. Magoti yatachubuka, hilo halina dawa, spiriti na pamba vipo. Shida ya mchanga ni paka, usiku wanaugeuza choo, itabidi tuwe tunafunika turubai kila jioni.

Sasa lile zito. Baba mmoja alisimama akauliza, tena sauti inatetemeka, nani atakuwa na watoto wetu humo ndani? Watu wakamzomea kwamba ana mawazo machafu. Jamani msimzomee. Tunasikia kila siku mambo wanayofanyiwa watoto, na wanaoyafanya mara nyingi ni watu wanaoaminika, mjomba, jirani, hata mwalimu, naandika hivi na mimi ni mwalimu. Huyo baba ndo aliyeuliza swali la maana kuliko yote siku ile. Jibu langu ni hili: kila atakayefanya kazi pale, hata wa kufyeka majani, lazima alete cheti cha tabia njema cha Polisi, kile cha alama za vidole. Mi mwenyewe nimeshaenda kuchukuliwa vidole. Hakuna mtu mzima kukaa na mtoto mmoja peke yao sehemu iliyojificha, wala mimi. Vyoo vinakaa mbele ya baraza ambapo kila mtu anaviona, sio nyuma ya miti kama fundi alivyotaka. Aliyemleta mtoto ndo anayemchukua, jina linaandikwa getini, "nimetumwa na baba yake" haitambuliki. Na namba 116, ile ya simu ya watoto, inaandikwa ukutani kwa urefu wa macho ya mtoto wa miaka sita, sio juu tunapoona sisi. Baba yule nimemuomba aingie kwenye kamati. Hajanijibu bado.

Bei. Nisijifanye natoa sadaka, ni biashara, pensheni ya ualimu mnaijua. Wikiendi na likizo mtoto analipa shilingi 3,000. Watoto wa mtaa huu, Jumatatu mpaka Alhamisi kuanzia saa 10 jioni, bure, waingie wacheze. Kuna aliyesema tutachafuliwa mtaa na watoto wa uswahilini, mi huyo simjibu, naomba tu ajue kwamba Goba tulivyohamia hapa mji mzima ulikuwa unatuita washamba wa porini.

Na wale wa "leo watoto kesho baa" nawaelewa, tumeshaona karakana zikageuka gesti. Ila siku nikitaka kubadilisha inabidi nirudi nyuma nianze upya, bango jipya, maombi mapya, na nimeshasaini kwenye muhtasari wa mkutano, upo ofisi ya serikali ya mtaa, nimeandika hakuna pombe na hakuna muziki. Piganeni na mimi siku hiyo, na karatasi mnayo.

Jumamosi hii kuanzia saa 4 asubuhi geti litakuwa wazi. Mama wa uani njoo usimame popote uone kama kamba yako inaonekana. Jirani wa chini njoo na fundi wako mkanyage mitaro. Na yule aliyesambaza kwamba miembe inakatwa aje aihesabu, ipo tisa, mi atanikuta chini ya ule wa kwanza natoboa matairi.

Mwalimu mstaafu,
Goba, Dar es Salaam.