Shukrani kwa mama mkandaji wa Majengo, Moshi

Mama, shikamoo. Hukupenda jina lako litajwe, nasi hatulitaji, ila asante hii ni yako.

Sisi washauri nasaha tunakuletea watu waliopigwa au kubakwa, mabega yamekakamaa. Mtu wa namna hiyo huweza kusema "sawa" huku mwili umeganda kwa hofu. Ndiyo maana tunakusifu kwa kuomba ruhusa kila unapohamisha mkono, na kwa ile ishara ya kiganja: kikiinuliwa unaacha papo hapo, wala huulizi kwa nini. Nguo havui, anakaa akiuona mlango. Unaanza na mikono, kisha mabega. Shingo na mapaja huyagusi mpaka mwenyewe aombe. Siku ya kwanza dakika 10 hadi 15 zinatosha. Wanaokandamiza kwa nguvu mapema huamsha hofu ambayo mhusika bado hawezi kuibeba.

Pumzi ikikatika, au akikodoa macho kama haoni, unaondoa mikono: akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje vitu 5 anavyoviona, atoe pumzi taratibu kuliko anavyoivuta. Kisha unamrudisha kwetu tuzungumze kabla hajaenda nyumbani.

Na hujawahi kumchokonoa akusimulie yaliyompata. Mungu akubariki sana, mama.