Barua kwa mwanangu kuhusu ile kazi ya China

Mwanangu Rehema,

Mkataba wa kufundisha Kiingereza chuoni Changsha ulionitumia nimeusoma mara mbili, mara ya pili na miwani ya mama yako. Chuo ni cha kweli, hilo tusibishane. Kimo kwenye orodha ya vyuo ya Wizara ya Elimu ya China, na namba ya ofisi yao ya wageni iliyo kwenye tovuti ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye mkataba. Kinachoninyima usingizi ni sentensi moja ya dalali aliyekutafutia kazi hiyo: aje kwa viza ya M, tutabadilisha akishafika.

M ni viza ya biashara. Ya kazi ni Z. Mwenye M akikamatwa darasani na chaki mkononi, sheria ya uhamiaji ya China inayotumika tangu 2013 inamtoza faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15, kisha anaweza kurudishwa kwao. Chuo nacho kinapigwa faini, yuan 10,000 kwa kila mtu. Wao watalipa na Jumatatu watafungua milango kama kawaida. Wewe utakuwa uwanja wa ndege.

Utaratibu ulivyo ni huu. Chuo kinakuombea kwanza Taarifa ya Kibali cha Kazi. Hiyo ndiyo unayoipeleka kuombea viza ya Z. Kabla ya hapo shahada yako na cheti cha polisi vipitie Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wao, na hapo ndipo watu wanapoteza wiki nyingi kwa sababu jina la kwenye cheti halifanani herufi kwa herufi na la pasipoti. Lako halifanani. Kwenye shahada kuna jina la babu, kwenye pasipoti hakuna. Nilikuambia tangu ulipohitimu ulishughulikie, ukasema baadaye.

Ukifika unaandikishwa polisi ndani ya saa 24, unapimwa damu na kifua, na kabla ya siku 30 kwisha uwe umeshaomba kibali cha ukaazi. Polisi wa uhamiaji watabaki na pasipoti kwa siku kadhaa na kukupa stakabadhi. Hiyo ni kawaida. Chuo kuifungia pasipoti yako kwenye droo si kawaida, na hakina haki hiyo.

Sasa kwa nini M? Hili ulipime kwa utulivu, maana naona umeshaanza kununua masweta. Kanuni yao inasema mwalimu wa lugha, kimsingi, afundishe lugha ya mama yake, awe na shahada na miaka miwili ya kazi hiyo. Shahada unayo, na Korogwe umefundisha miaka minne, tena vizuri. Mkuu wako wa shule alinisimamisha sokoni kunisifia matokeo ya kidato cha nne. Lakini anayepitisha kibali hasikilizi Kiingereza chako, anatazama jalada la pasipoti. Wanaopita bila maswali ni wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Majimbo hayafanani, wako Waafrika wengine waliopitishwa. Kwa hiyo jibu halitoki kwangu wala kwa dalali, linatoka kwenye ile Taarifa. Anayetaka uingie kwa M ameshanyimwa Taarifa, au anajua atanyimwa.

Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujaishika Taarifa hiyo. Omba likizo bila malipo kama watakupa. Na ukumbuke deni la Bodi ya Mikopo: leo wanakata asilimia 15 ya mshahara wako kupitia kwa mwajiri, hata huhisi. Mshahara wa huku ukisimama, deni halisimami.

Kuhusu mkataba wenyewe. Wameandika saa 16 kwa wiki. Vyuo vya kule huhesabu vipindi, na kipindi ni dakika 45. Vipindi 16 ni masomo manane ya vipindi viwili viwili, mzigo wa kawaida. Saa 16 kamili ni vipindi 21 na ushee. Waambie waandike neno vipindi. Halafu uliza madarasa mangapi na wanafunzi wangapi: madarasa manane ya watu 40 ni mitihani 320 ya kuzungumza, na kusahihisha hakumo kwenye hesabu ya saa.

Mshahara ni yuan 8,000, ila kifungu cha sita kinasema miezi 10. Gawa kwa 12, unabaki na 6,667 hivi. Kodi si ya kutisha, ni asilimia 3 ya kinachozidi 5,000. Bima ya jamii ndiyo inayouma, kama asilimia 10 na nusu kutoka kwako. Risiti za kodi zitunze zote, benki itazidai siku unapotaka kubadili yuan kuwa dola utume nyumbani.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo, wamesema nakala ya Kichina ndiyo itakayotawala. Mpelekee mtu wa Taasisi ya Confucius, wanakofundisha Kichina, pale Chuo Kikuu Mlimani akusomee vifungu vitatu: fidia ya kuvunja mkataba, barua ya kukuachilia ukiondoka (bila hiyo mwajiri mwingine hawezi kukuchukua), na kile cha "majukumu mengine". Hicho ndicho wanachokitumia kukupeleka shule ya chekechea Jumamosi. Kibali kinataja mwajiri mmoja, na kufundisha kwingine ni kosa hata ukiwa na Z.

Uliza pia unafundishia kampasi ipi na unalala kampasi ipi, maana mpya nyingi ziko nje ya mji na nyumba za walimu zimebaki ya zamani. Changsha iko kusini ya mto Huai, ambako nyumba hazipashwi joto kwa mabomba ya serikali kama kaskazini. Januari utaamka chumba kina nyuzi chache juu ya sifuri. Kiyoyozi kinachotoa joto kiandikwe kwenye mkataba, na umeme nani analipa.

Hujaniuliza, lakini nasema: kanuni hiyo hiyo ya lugha ya mama inakubeba kwenye Kiswahili. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing na Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China vinakifundisha tangu miaka ya sitini. Nafasi ni chache sana, najua. Waandikie hata hivyo. Mimi ndiye niliyesema Kiswahili hakina ajira ulipotaka kukisomea, nadhani unakumbuka.

Ile laki tatu ya "usajili" aliyokuambia dalali imeshalipwa, usihangaike kutafuta nani alilipa. Isikufanye uone aibu kukataa.

Mama yako anasema masweta yasubiri. Bati la jiko limeng'oka upande wa mwembeni, fundi anataka misumari kilo mbili na siku moja. Mdogo wako amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, nitaimalizia nikiuza choroko. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha, mmoja hanyonyi.

Mtumie dalali swali moja leo: Taarifa ya Kibali itatoka lini, kwa jina langu? Akijibu chochote kisicho tarehe, nipigie kabla ya Ijumaa, kabla hujasaini. Piga jioni, mchana simu naiacha kwenye chaji kwa jirani.

Baba yako