Kofia ya bwana harusi: niendelee kushona au ninunue tu?

Assalaam alaykum shangazi, na nyie wasomaji wenzangu. Naandika kutoka Wete, Pemba, msinicheke jamani, najua wengine mtaona jambo dogo lakini mie linaninyima usingizi.

Mie nashona kofia za viua, zile za mkono zenye vitundu vya urembo, alinifunza bibi barazani tangu mdogo. Kuuza nauza mara moja moja nikibanwa, nyingi ni za zawadi, mtu akioa, akirudi umra, mtoto akikhitimu msahafu, basi mie napeleka kofia, na wanawake nawadarizia foronya. Kushona hakunishindi. Kinachonishinda ni siku ya kutoa. Kofia ikiwa mkononi mwangu naiona mashaallah, ikishaingia mfukoni nikishika njia naanza kuona kiua hiki kikubwa kuliko mwenzake, pale uzi umekazwa mno kitambaa kimevutika, na nikifika mdomo haunyamazi, "yakhe usitazame sana hapo nyuma, nlishona usiku umeme umekatika." Mtu hajaifungua nshamtajia ubovu wake! Mume wangu ananambia wewe ndo unayewaonesha watu pa kutazama.

Kilichonizidishia ni shemeji yangu. Nilimshonea kofia ya Idi, kipimo nlichukua kwenye kofia yake mwenyewe ya zamani, akapokea vizuri, ahsante shemeji, kazi nzuri, na mpaka leo sijaiona kichwani kwake. Ijumaa anatoka na ile ya mashine ya dukani. Wifi yangu anasema kaiweka kabatini anaionea huruma isichafuke, sasa sijui ndo kweli au nabembelezwa tu. Au ilifuliwa ikatiwa kanji ikaanikwa hivi hivi bila kuvishwa kwenye kitu cha saizi yake, maana ukifanya hivyo inarudi ndogo, na hilo huwezi kwenda kumuuliza mtu.

Sasa yamekuja makubwa. Binamu yangu anaoa Unguja karafuu zikisha, na mama yake kanipigia simu kasema kofia ya bwana harusi nakutegemea wewe. Kasema hivyo bila kumuuliza mwenyewe! Na huyo kijana ni wa mjini, mambo yake yote ya kisasa, siku hiyo kuna kanzu, kuna joho, kuna mpiga picha, na pale sokoni Darajani kofia zimejaa, zimenyooka, mshono wote saizi moja. Naogopa atavaa yangu kwa kumridhisha mama yake tu, au ataivua garini avae nyengine halafu mie nije kuiona kwenye picha za status.

Kweli za mashine nnazozijua mie nyingi ule urembo umedariziwa juu tu, tundu hamna, kichwa kinachemka, hii ya mkono kila kiua kimetobolewa kikazungushiwa uzi kwa sindano na upepo unapita. Hata Oman wanavaa za namna hii, wao wanaziita kumma. Kwa hiyo kazi yenyewe siidharau hata kidogo, nna wasiwasi na mkono wangu tu. Na ni kazi ya miezi hii, si ya wiki, ukizingatia nna watoto na kupika na yote.

Shoga yangu kanambia mpigie bwana harusi umuulize anataka ya mkono au ya dukani. Naona haya, na hata nikimuuliza, nani atamwambia dadake mkubwa sitaki kofia yako? Wazo jengine ni ninunue moja nzuri aolee, hii yangu nimpe baadae kimya kimya ya kuvaa msikitini. Lakini mama yake nitamwambia nini?

Nishaurini, na huu mdomo wangu nao nauzuiaje wakati wa kutoa zawadi? Ule mduara wa juu nshaumaliza, kipande cha kuzunguka nshakichora kwa penseli ndo nataka kuanza kutoboa, kwa hiyo mwenye la kusema aseme mapema. Na kama humu kuna mwanamme aliyewahi kushonewa kofia akaiweka kabatini, naomba anambie ukweli kwa nini, sitokasirika wallahi.

Mshona kofia, Wete