Barua ya Kufunga Muhula wa Tatu: Ombi Kuhusu Kikundi cha Kutazama Ndege

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Mombasa.

Kwa wazazi na walezi wote,

KUH: WANAFUNZI KUJIUNGA NA KIKUNDI CHA KUTAZAMA NDEGE

Nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa ushirikiano wenu muhula huu. Ripoti za masomo mtapewa na walimu wa madarasa, kwa hivyo sitazigusia hapa. Nimeandika kuwaombea ruhusa watoto wa Gredi ya Tano hadi ya Tisa wajiunge, likizo hii ndefu, na kikundi cha watazamaji ndege cha hapa mtaani, ambacho hukutana kila Jumatano. Jumamosi na Jumapili zimeachwa kwa ajili ya madrasa na kanisa.

Mzazi mmoja aliniuliza langoni, na swali lake lilikuwa la haki, Mombasa kuna ndege gani wa kutazamwa isipokuwa kunguru. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu kwa asili: waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote, na huvamia viota vya ndege wadogo wakala mayai na makinda. Mtoto anayewahesabu kunguru wa mtaani mwake, kisha akawahesabu chozi na mnana waliosalia, huyaona madhara hayo kwa macho yake mwenyewe kabla hajayasoma kitabuni.

Ndege wanaohamia pwani kwa msimu nao ni wengi kuliko tunavyodhani. Mwezi uliopita niliandamana na wanafunzi wachache hadi kando ya mkono wa bahari wa Tudor, tukasimama nyuma ya mikoko maji yakianza kujaa. Sululu mmoja, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu, aliuzamisha mdomo huo katika tundu la kaa, akamtoa, akamtikisa mpaka miguu ikakatika, ndipo akammeza. Ndege huyo hazalii hapa; huzalia kaskazini mwa Ulaya na Urusi, akaanza kutufikia mwezi wa Agosti na kuondoka karibu na Aprili, hivyo likizo ya Novemba na Desemba ndiyo wakati wake hasa.

Siku hiyo alikuwepo mvulana wa Gredi ya Sita ambaye tumemnyang'anya manati mara mbili mwaka huu. Aliandika daftarini kwamba sululu walikuwa 14, akasita, akafuta, akaandika 13, kisha akanieleza kuwa mmoja aliruka akatua upande wa pili na alikuwa amemhesabu mara mbili. Hakuna aliyemwambia afute. Nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, na ni nadra kumwona mtoto akilisahihisha jibu lake bila kuogopa kalamu nyekundu. Kwa sababu hiyo watoto wenye manati nawataka zaidi ya wote, maana wana jicho kali tayari. Ila manati zenyewe zibaki nyumbani.

Saa ya kukutana itabadilika kila wiki kufuatana na maji. Yakipwa kabisa ndege huwa mbali kwenye tope, na yanapojaa huwasogeza karibu na watu. Nafahamu hofu yenu kuhusu bahari, nami ninayo: hakuna mtoto atakayeshuka topeni, walimu wawili watakuwepo kila mara, na siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, hatutakwenda ufuoni kabisa, bali tutatembelea Haller Park kule Bamburi, yaliyokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kabla ya miti kuanza kupandwa mwaka 1971. Ikiwezekana, mwezi wa Desemba tutafika Mida, karibu na Watamu, ambako shirika la uhifadhi wa mazingira la A Rocha Kenya hutumia mapato ya daraja la kutazamia ndege kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Jambo moja limenisikitisha. Katika matembezi yetu ya kwanza walikuja wavulana watupu, na nilipouliza nikaambiwa wasichana wana kazi za nyumbani. Nawasihi, wazazi wenzangu, muwaachilie binti zenu kwa muda wa saa mbili kila Jumatano; vyombo vitawangoja.

Kujiunga ni bure. Mtoto aje na daftari, penseli, kofia na maji ya kunywa, na avae nguo za rangi ya majani au udongo, kwani nyeupe huwashtua ndege. Darubini tutatumia za shule kwa zamu. Tafadhali jazeni kipande cha chini cha barua hii, mtie sahihi na kumpa mwalimu wa darasa kabla ya siku ya kufunga shule, mkionyesha nambari ya simu tutakayotumia kuwajulisha saa ya kila Jumatano.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu